Mashine Haivuki Thuci

Majengo, Meru
4 Juni 2023

Kwa Cucu,

Nakusalimu sana. Natumaini mguu wako umetulia. Mimi ni mzima na kazi ipo.

Barua hii nimempa Mbaka, yule anayenunua ngozi za mbuzi huko Kiambere na kutuletea hapa kila wiki mbili. Amesema ataiweka mbele ya gari, mbali na ngozi. Simwamini. Ikinuka, mlaumu yeye.

Cucu, nina neno. Mama Nkirote, huyu fundi viatu aliyenilea tangu mama afariki, anahamia kwa mwanawe Isiolo mwisho wa Agosti, na mashine yake anaenda nayo. Kibanda anataka nibaki nacho mimi. Lakini mwenye jengo amesema kibanda cha fundi ni cha mtu mwenye mashine, na yuko fundi mwingine anakimezea mate. Nikipata mashine kabla ya Agosti kuisha, kibanda ni changu. Nisipopata, nitakaa chini kwenye veranda ya mtu nishone soli kwa mkono.

Ndipo nikakumbuka mashine ya Babu. Ile ya kukanyaga kwa miguu, iliyo kwenye kona ya nyumba yako, imefunikwa gunia na redio imewekwa juu. Nikiwa mdogo nilikuja likizo nikakanyaga kile chuma cha chini, ukanipiga kofi. Kwa hivyo kilicho chini ya gunia sijawahi kukiona.

Mama Nkirote anasema si kila mashine inashona ngozi. Nyingi ni za nguo. Ukizilazimisha ngozi zinavunja sindano, halafu zinajivunja zenyewe. Anataka kujua ni ya aina gani. Imeandikwa jina na namba gani? Pale kitu kinapokaa kikishonwa, ni pana kama meza, au ni mkono mwembamba wa chuma? Uzi wa chini unakaa kwenye kidude cha mviringo au kirefu? Na kile kiguu kinachokandamiza, kinazunguka au kimetulia?

Tafadhali angalia uniandikie.

Mjukuu wako,
Karimi

---

Kiambere
17 Juni 2023

Karimi,

Barua yako imefika na inanuka kama beberu.

Nimeisoma mwenyewe. Usidhani nimempelekea mtu. Mimi nilisoma gumbaru, shule ya watu wazima, miaka miwili nyuma ya kanisa, na mwalimu alisema mbele ya watu kwamba mwandiko wangu unapita wa karani. Nanyi mlioketi kwenye madawati miaka kumi na miwili mnaandika kama kuku amepita kwenye majivu.

Na usinitumie tena maneno kwa simu ya jirani Lorna. Simu ya Lorna inasema kwa sauti mpaka mbuzi wanageuza kichwa. Mambo ya nyumba yangu si ya soko.

Mguu wangu usiuulize. Mguu ni wangu.

Sasa hilo la mashine. Kwanza, nani alikufundisha kumwandikia bibi yako barua moja tangu Krismasi, na hiyo moja iwe ya kuomba? Hata mwizi hupiga hodi aone kama kuna mtu.

Lakini umeuliza, nimeangalia. Ni mashine nyeusi. Jina limefutika, yamebaki maua ya dhahabu pembeni. Pale pa kushonea ni pana, unaweza kuwaandalia watu wawili ugali. Uzi wa chini unakaa kwenye kitu kirefu, kimechongoka kama mbegu ya boga. Kiguu kimetulia. Kizunguke kinakwenda wapi? Namba nimeinakili kwenye kipande cha karatasi ya majani chai, hiki hapa.

Ni ya nguo. Haishoni ngozi. Mwambie huyo Nkirote asichoke bure.

Mwambie Mbaka aniletee chumvi ya mawe. Ile aliyoleta juzi ilikuwa nusu mchanga.

Ni mimi,
Igoki wa Kivuti

---

Majengo, Meru
2 Julai 2023

Cucu,

Asante kwa kuangalia. Nimemsomea Mama Nkirote yote. Alisikiliza amefumba macho, kama mtu anayesikiliza injini, kisha akasema: "Pana, uzi kwenye mbegu ya boga, kiguu kimetulia. Hiyo ni ya nguo, mwanangu. Itashona shati, itashona pazia, na ukiibembeleza itashona ngozi laini ya mfuko. Soli haitaiweza. Usimsumbue mzee."

Basi. Nimeanza kuuzoeza mkono shazia, ile sindano nene ya mafundi. Najua kutoboa, ila kwenye kisigino mkono unateleza.

Jambo moja tu limenishangaza. Mbaka anasema Babu Kivuti hakuwa mshona nguo. Anasema alikuwa fundi viatu pale Ishiara, na kwamba baba yake Mbaka alizikwa na viatu vya Babu miguuni. Nikamwambia atakuwa amekosea mtu.

Chumvi hiyo hapo. Mbaka ameapa haina mchanga.

Karimi

---

Kiambere
16 Julai 2023

Karimi,

Wewe mtoto, unakaa huko Meru unamsikiliza Mbaka akisema mambo ya mume wangu, na unamwambia amekosea mtu! Amekosea mtu gani? Kuna Kivuti wangapi?

Sikiliza basi, usije ukasema hukuambiwa. Babu yako alikuwa fundi viatu wa Ishiara wakati Ishiara ina maduka manne. Watu walitoka Siakago, walitoka mpaka Kanja kule juu kwenye baridi, wamebeba viatu kwapani. Baba yake Mbaka alikuwa anatembea na matairi ya gari miguuni mpaka Kivuti alipomhurumia.

Siku moja mwalimu mkuu alikuja na kiatu kimepasuka ubavu mzima, kuanzia kidole mpaka nyuma. Watu wakasema hicho ni cha kutupa. Kivuti akakivisha kwenye mkono wa mashine kama unavyomvisha mtoto soksi. Kiatu hakukigeuza hata kidogo. Kiguu ndicho kilichokizunguka, kinakula ukingo pole pole kama mbuzi aliyefungwa kamba, mpaka kikarudi kilipoanzia. Mwalimu mkuu alivaa kiatu hicho miaka sita.

Na mama yako Wanja alikuwa na miaka kumi na miwili tu, akaketi kwenye kiti cha baba yake akafanya vile vile. Kivuti aliacha kazi akasimama kumtazama. Akaniambia usiku huo, "Mama Wanja, kiti changu kimepata mwenyewe." Nina watoto watano, na hakuna mwingine aliyeambiwa hivyo.

Mwambie Mbaka hayo. Mwambie kwa sauti.

Lakini hiyo ilikuwa zamani. Sasa ni ya nguo.

Chumvi ni nzuri.

Igoki wa Kivuti

---

Majengo, Meru
30 Julai 2023

Cucu,

Nilipomsomea Mama Nkirote mstari wako wa mwisho, alicheka mpaka akakohoa, akaomba maji. Akasema hajawahi kuona mashine ya ngozi ikizeeka ikawa ya nguo, kama fisi aliyeokoka.

Halafu akaacha kucheka. Akaniambia, "Mkono mwembamba unaovishwa kiatu. Kiguu kinachozunguka. Karimi, hiyo ndiyo yenyewe. Hiyo ni mashine ya fundi viatu, na mtu akiwa nayo hahitaji nyingine mpaka afe."

Kwa hivyo barua yako ya kwanza ulikuwa unanieleza mashine ipi? Usijibu, najua. Lorna amemuuliza Mbaka kwa nini mke wa Kivuti alikuja kibandani kwa Lorna sokoni siku anayoshona sare, akapapasa mashine yake juu na chini, akakatia karatasi ya majani chai yake kipande, akaenda bila kununua hata kifungo.

Umenidanganya, Cucu. Ungesema tu "sitaki kukupa," ningenyamaza. Lakini ulitembea na huo mguu mpaka sokoni ukatafute uongo. Kwa nini? Umebaki mwezi mmoja na mimi sielewi nimekukosea nini.

Samahani kwa mwandiko. Shazia iliteleza Jumanne ikaniingia kiganjani. Kumevimba kidogo na kuna joto. Nimefunga kitambaa, nitaenda kuonyesha wiki ijayo kazi ikipungua.

Karimi

---

Kiambere
31 Julai 2023

Karimi,

Barua hii nimempa dereva wa samaki wa bwawani kwa sababu Mbaka harudi Meru mpaka keshokutwa.

Nenda hospitali leo. Ukisoma maneno haya umesimama, usikae. Ukisoma umekaa, inuka. Acha kazi ya mtu ikiwa na shazia ndani. Wapasue watoe uchafu, wakudunge ile sindano ya pepopunda. Wakikuambia subiri, piga kelele. Nakupa ruhusa ya kutokuwa na adabu.

Kitambaa si dawa. Wiki ijayo si dawa.

Mama yako alisema wiki ijayo.

Igoki

---

Majengo, Meru
3 Agosti 2023

Cucu,

Nimeenda. Mama Nkirote alinisindikiza, na alipiga kelele yeye kabla yangu. Wamepasua, wameosha, wamenidunga. Daktari alisema ningengoja wiki moja angekuwa anaongea nami maneno mengine. Sasa uvimbe umeshuka. Sitashona kwa mkono huu wiki mbili au tatu. Ninaandika kwa kushoto, ndiyo maana herufi zinaanguka.

Cucu, mama alisema wiki ijayo ya nini? Mimi nilikuwa na miaka minne. Kila nikiuliza naambiwa "aliugua mkono," na watu wanabadilisha mazungumzo. Baba angeweza kuniambia, lakini alienda Nairobi mwaka uleule na hakurudi. Mama Nkirote anasema hayo ni ya bibi yako, yeye hayagusi.

Nakuomba. Mashine tumeiacha. Niambie hili tu.

Karimi

---

Kiambere
13 Agosti 2023

Karimi,

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili nimewashia moto wa asubuhi. Hii nitaitoa mkononi kabla sijaisoma tena.

Kivuti alipokufa, Wanja alikuwa na miaka ishirini. Akakaa kwenye kiti cha baba yake pale Ishiara, tukala jasho lake, mimi na wadogo zake. Miaka mitatu. Halafu akatokea Lennox, baba yako, kijana wa huko Meru, anauza viatu kwenye gunia, amevaa miwani ya jua hata kanisani. Wanja akaniambia wanaenda Majengo kufungua kazi yao, na mashine anaenda nayo kwa sababu baba yake alimwachia kiti.

Nilikuwa natoka shambani, miguu mitupu, udongo mpaka magotini. Gari lilikuwa limesimama mlangoni na mashine iko juu. Nikaona wanangu wadogo wamesimama pale, nikaona ni nani atawalisha. Ningeweza kulia. Ningemwambia, "Wanja, usituache." Sikusema hivyo. Mimi sikujua kusema hivyo, na hata leo sijui. Nikapanda juu ya gari, nikaishusha mashine kwa mikono yangu, nikaifunika gunia. Nikasema mbele ya watu wote:

"Mashine hii haivuki Thuci nikiwa hai. Na nyayo zangu hazitakanyaga udongo wa ng'ambo ile."

Wewe umekulia mjini, kwako mto ni maji. Kwetu Thuci ndio mpaka wetu na wenyeji wa huko, na neno la mzazi aliyekasirika akisimama kwenye udongo lina jina lake. Linaitwa kirumi. Halichezewi. Linafuata mtu kama kivuli, na likivunjwa linamrudia aliyelitoa.

Wanja akaenda. Akashona kwa mkono, Majengo, miaka mitano. Alinitumia watu wanne kuomba mashine. Wa kwanza nilimpa maji. Wa pili nilimpa maji. Wa tatu sikumpa. Wa nne alikuwa huyo Nkirote, alikuja na nguo nzuri, akapiga magoti. Nikamwambia mashine ni ya nguo.

Sasa unajua nimeutoa wapi ule uongo. Si mpya.

Shazia ilimwingia Wanja kiganjani. Alifunga kitambaa. Akasema ataenda wiki ijayo, kuna viatu vya watu. Ilipofika wiki ijayo taya lilikuwa limefungwa. Walinitumia habari nikiwa napepeta mtama. Walitaka kumleta, Lennox hakuwa na uwezo, wakamzika makaburi ya mji. Wakanitumia gari nije nizike. Nilitembea mpaka kwenye gari nikashika mlango. Nikakumbuka nyayo zangu zilivyosema. Nikauachia mlango.

Mashine ilikuwa hapa. Chini ya gunia. Nzima. Ninaipaka mafuta kila mwezi, miaka hii yote. Sijui ninampakia nani.

Uliniuliza mashine inashona ngozi? Ngozi iliyoshonwa ilikuwa ya mwanangu.

Igoki

---

Majengo, Meru
16 Agosti 2023

Cucu,

Nimesoma.

Mama Nkirote amelia, kisha amepika uji, kisha amelia tena. Anasema siku ile alipopiga magoti aliona mguu wa chuma wa mashine ya viatu ukitokeza chini ya gunia, akajua, na hata mimi alinificha mpaka ulipoisimulia mwenyewe. Hakumwambia mama. Alimwambia ile ya Babu uliiuza ili ulishe wadogo zake, na iliyo chini ya gunia kweli ni ya nguo, ili asikuchukie. Kwa hivyo mama alikufa akiamini hukumnyima kitu.

Sijui kama hilo litakufariji au litakumaliza. Nimekuandikia kwa sababu ni kweli.

Mashine siiombi tena. Yule fundi mwingine alikuja leo kupima kibanda kwa hatua. Nakuuliza neno moja tu: hilo gunia linafunika nini sasa?

Karimi

---

Darajani, Thuci
27 Agosti 2023

Karimi,

Ninaandika juu ya boneti ya gari la Mbaka, chuma kinaniunguza mkono. Karatasi ni ya mfuko wa chumvi. Utavumilia.

Niliuliza wazee wawili waliobaki. Walisema neno la mzazi hutenguliwa na kinywa kile kile, mchana, kwa mate, na aliyetamkiwa awepo. Nikawauliza, na kama aliyetamkiwa amelala makaburi ya mji huko Meru? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Basi utatengua nusu, na nusu itabaki na wewe." Kithaka huyo, hakuwahi kunipa jibu zima hata tukiwa vijana.

Mashine nimeileta mwenyewe, nimekaa nyuma na ngozi ili ikianguka ianguke nami. Hapa darajani Mbaka alisimama, akaniambia nishuke au nivuke. Nikashuka. Nilitoa gunia. Ni miaka ishirini na minne mwanga wa jua haujaiona. Nikaipaka mate kwenye mkono wake, kwenye gurudumu, kwenye kile kiguu. Nikasema, "Nilisema haivuki. Sasa ivuke. Ilikuwa hasira, haikuwa haki. Wanja, kiti ni chako na cha mtoto wako." Wenye magari walipunguza mwendo kutazama. Mmoja akauliza kama ninauza.

Kisha nikatafuta mate ya kutengua la pili, la nyayo zangu. Kinywa kilikuwa kikavu. Usicheke. Nilikunywa maji ya Mbaka nikajaribu tena. Hayakuja. Nikatembea mpaka katikati ya daraja, pale simiti inapokutana, nikasimama. Mguu ulikataa. Huu wa kushoto.

Kwa hivyo mashine inavuka, mimi ninabaki. Mbaka ameniahidi kunitafutia gari la kurudi. Sindano zimo kwenye kopo la dawa ya meno. Usiitie mafuta ya kupikia, Kivuti atafufuka akupige.

Tarehe ni ishirini na saba. Mwonyeshe huyo mpima hatua.

Igoki wa Kivuti

---

Majengo, Meru
10 Septemba 2023

Cucu,

Kibanda ni changu. Mwenye jengo alikuja tarehe thelathini, akaitazama mashine, akaikanyaga kidogo, akamwambia yule fundi atafute pengine.

Mama Nkirote aliahirisha safari siku tatu ili tuifungue pamoja. Aliifuta kwa mafuta ya taa na kitambaa, pole pole, kama anaosha mtoto mchanga. Jina limefutika kweli, hapo hukudanganya. Lakini chini ya mkono kuna kibati cha shaba chenye namba. Akaisoma, akatikisa kichwa, akaniambia mashine hizi zilitengenezwa kwa kazi moja tu, viatu, na hii ni nzee kuliko yeye. Mkono mrefu, mwembamba, unaingia mpaka kwenye kidole cha buti. Kiguu kinazunguka pande zote. Bobini, kile kidude cha uzi wa chini, ni ndogo kama kifungo cha shati.

Na ndani ya bobini hiyo kulikuwa na uzi, Cucu. Wa kahawia, umepakwa nta. Mama Nkirote anasema mama alimsimulia kwamba Babu alisokota uzi wa nta kwa mkono wa kulia, naye kwa mkono wa kushoto, na huu umesokotwa kushoto. Ni mama aliyeujaza kabla hujaishusha garini. Ulikuwa unasubiri.

Nilifikiri kuuweka kama ukumbusho. Kisha nikaona hapana, uzi ni wa kushona. Nimeushonea viatu vyako. Ulikaribia kumaliza viwili, ukaisha kwenye kisigino cha pili ikiwa imebaki sindano nne, nikamalizia wa kwangu.

Ngozi ni ya mbuzi wako mweusi uliyemuuzia Mbaka Mei. Nilimtambua kwa alama ya sikio. Kipimo alinipa Mbaka: uliposhuka darajani ulivua kandambili kwa ajili ya kile ulichokuwa unafanya, ukakanyaga tope, na ukiwa unaandika yeye alipima unyayo wako kwa uzi. Ulikuwa mmoja, wa kulia. Wa kushoto nimeufuatisha huohuo.

Sasa nisikilize, usikasirike kwanza. Ulisema nyayo zako hazitakanyaga udongo wa ng'ambo. Siku ile ulikuwa miguu mitupu, umeniandikia mwenyewe. Basi ukivaa hivi, nyayo zako zinakanyaga mbuzi wako, zinakanyaga uzi wa mama, hazikanyagi udongo wowote. Neno lako linabaki zima na wewe unavuka. Nimemuuliza Mama Nkirote, amesema Kithaka mwenyewe hawezi kulipinga hilo.

Njoo, Cucu. Kaburi liko karibu na ukuta, nimepalilia. Mbaka atakuketisha mbele, si na ngozi.

Karimi

---

Kiambere
24 Septemba 2023

Karimi,

Viatu vimefika. Nimevigeuza juu chini mbele ya mlango, kwenye mwanga, nikatafuta kosa. Nimelipata moja, kwenye kisigino, sindano nne za mwisho zimebana kuliko nyingine. Uzi wako unauvuta kwa nguvu mno. Mama yako hakuwa anauvuta, alikuwa anauacha uje. Jifunze.

Hilo la nyayo na mbuzi nililisoma nikacheka. Lorna alisikia akaja mbio kuona kama nimeanguka. Wewe una kichwa cha wakili na ulimi wa mchuuzi. Nikasema, haya, nitavuka. Nikaoga. Nikavaa lile gauni la Pasaka. Mbaka akaja mapema, amefuta kiti cha mbele kwa maji.

Cha kulia kiliingia kama kilizaliwa nami.

Cha kushoto hakikuingia.

Sikukuambia. Uliuliza mguu barua ya kwanza na mimi nikakufokea. Tangu darajani umevimba, na juzi umepanda mpaka gotini. Ukiubonyeza shimo linabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Lorna alinipeleka zahanati. Walisikiliza kifua kuliko mguu, wakanipa vidonge vya kunikojoza, wakaniambia niende hospitali kubwa Embu. Nimesema wiki ijayo.

Usianze kuniandikia yale niliyokuandikia. Nayakumbuka. Lakini wewe una kiganja kimoja na kazi mbele yako. Mimi ninajua huu ni mguu gani na ulikataa wapi. Watu wa zahanati wanasema ni moyo. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo, ila kwa maana nyingine.

Tulijaribu na Mbaka. Tulipaka sabuni. Mtu mzima amepiga magoti mbele yangu, anasukuma kiatu, anatoka jasho, na nje gari linanguruma. Nikamwambia, wacha. Zima gari, usimalize mafuta.

Sasa fanya hivi. Nimebaki na cha kulia, nimekivaa, ninaandika nikiwa nimekivaa. Cha kushoto ninakurudishia kwa mkono wa Mbaka. Ndicho chenye uzi uliokwisha kisiginoni, wenu wote wawili. Leo asubuhi nimekishika mapajani mpaka mate yakaja. Yamekuja, Karimi. Nimetemea ndani, mara tatu, nikasema lile la pili nililoshindwa darajani.

Nenda nacho kwa mama yako pale ukutani. Najua kwenye makaburi ya mji hawaruhusu vitu. Chimba kidogo, ukifukie, unyayo uangalie chini ili ukanyage ule udongo.

Umwambie Wanja mama yake amefika, mguu mmoja.

Igoki